Dondoo muhimu: Kununua na kunywa Passito di Pantelleria

Pantelleria ni kisiwa cha volkano cha Italia, kilicho karibu zaidi na Tunisia kuliko Sicilia. Divai yake tamu hutokana na aina moja tu ya zabibu, Zibibbo.

• Soma lebo kwanza. Passito hutengenezwa kwa zabibu zilizoanikwa juani hadi zikasinyaa, kisha zikatiwa kwenye juisi inayochacha. Ukiona neno "liquoroso", jua imeongezwa pombe. Kwa maoni yangu, iache.

• Bei yake ni kubwa, na ni haki. Upepo wa kisiwani ni mkali, hivyo kila mzabibu hupandwa ndani ya kishimo na kupogolewa ubaki mfupi, matawi yakitambaa karibu na udongo. Mashine haipiti hapo. Mchumaji huinama shina kwa shina. UNESCO iliutambua ukulima huu kuwa urithi mwaka 2014.

• Ipoze kiasi, mimina kidogo kwenye glasi ndogo.

• Huendana na lozi, biskuti kavu au jibini kali. Keki yenye sukari nyingi huiua ladha.

• Chupa iliyofunguliwa iweke kwenye friji. Na kabla ya kuiandalia chochote, ionje kwanza yenyewe.