Kwa Nini Mtu Humsaidia Asiyemjua?

Baadhi ya wanaoichunguza dini huuliza: mtu asiye ndugu yangu wala jirani yangu, kwa nini nimsaidie? Na mbona huyu humsaidia bila kusita, hali yule humpita? Jibu jepesi ni kwamba mmoja ana moyo mwema na mwingine moyo mgumu. Jibu hilo halitoshi.

Mwaka 1973 wataalamu wa elimu ya nafsi, John Darley na Daniel Batson, walitangaza uchunguzi walioufanya Princeton, Marekani, juu ya wanafunzi 40 wa chuo cha dini ya Kikristo. Kila mmoja alitakiwa aende jengo jingine akatoe hotuba fupi. Baadhi yao juu ya mfano wa Msamaria mwema, ulio katika Injili ya Luka mlango wa 10, na wengine juu ya habari za kazi. Njiani aliwekwa mtu ameinama mlangoni, akikohoa na kuugua. Miongoni mwa walioambiwa kwamba wamechelewa, 10 tu katika 100 walimsaidia. Miongoni mwa wasio na haraka, 63 katika 100. Kuwa na habari za Msamaria kichwani hakukuleta tofauti ya kutegemewa. Hata wako waliomruka mtu yule ili wawahi kumhubiri Msamaria!

Msomaji asidhani twawacheka Wakristo. Mwislamu akimbiliaye sala ya Ijumaa aweza kufanya vivyo hivyo. Kuujua wema ni jambo moja, na kusimama njiani kwa ajili yake ni jambo jingine.

Tena Darley na mwenziwe Bibb Latané walikwisha kuonyesha, mwaka 1968, kwamba aliyejiona yu peke yake kumsikia mtu aliyeshikwa na kifafa alikwenda kutafuta msaada upesi kuliko aliyedhani wako wengine wanne wanaosikia. Kila mmoja alimwachia mwenziwe.

Basi tuitazame Kurani Tukufu, Sura At-Tauba, aya ya 60. Humo yametajwa mafungu manane ya wapasao kupewa zaka, na la mwisho ni la msafiri, ambaye kwa Kiarabu huitwa mwana wa njia. Haki yake haikuachwa itegemee nafasi ya mpita njia, wala wingi wa watazamaji. Imetengwa kabla yeye hajatokea. Na wanazuoni wameeleza kwamba msafiri aliyekwama hupewa hata akiwa ni mwenye mali kwao. Hatazamwi kwa utajiri aliouacha nyumbani, bali kwa hali yake pale alipo.