Jani la Jimbi na Utando wa Kukenekea Maji
Makala haya yanachunguza jinsi maumbile yanavyochangia kuboresha ukenekaji wa maji ya chumvi kwa utando. Maji hupashwa moto, kwa kawaida kati ya nyuzi 40 na 80 za Selsiasi. Mvuke wake hupenya vitundu vya utando, chumvi ikabaki. Utando ukilowa, chumvi nayo hupita, na kazi yote huharibika.

Je, utando uzuiwe vipi usilowe? Jani la jimbi halilowi, wala la yungiyungi. Mwaka 1997, Wilhelm Barthlott na Christoph Neinhuis walieleza kuwa jani la yungiyungi lina vinundu vidogo mno vyenye nta. Hewa hunaswa baina yavyo, na tone hubingirika likichukua uchafu. Watafiti huiga umbile hilo kwa kupaka utando chembechembe za silika na kemikali zinazokataa maji.

Hata hivyo, uso unaokataa maji huvutia mafuta, nayo huziba vitundu. Hapa mwalimu ni kome, anayeng'ang'ania mwamba majini. Mwaka 2007, watafiti nchini Marekani waliiga gundi yake wakapata polidopamini, mpako unaopenda maji. Ukipakwa upande wa maji ya chumvi, mafuta hayashiki kwa urahisi.

Ni dhahiri basi kwamba utando bora huhitaji sifa mbili zinazokinzana: uso unaokaribisha maji na kiini kinachoyakataa.