Kujua Kwamba Kipo, Kabla ya Kujua ni Nini



Katika falsafa tunafundishwa kwamba kujua kitu kipo na kujua kitu hicho ni nini ni mambo mawili. Mtakatifu Tomaso wa Akwino anaitegemea tofauti hiyo anapouliza kama kuwako kwa Mungu kunaweza kuthibitishwa. Wengi huiona kuwa mchezo wa maneno: utakuwaje na hakika ya kitu usichokiona? Hesabu ina jibu.

Namba tasa ni ile isiyogawanyika bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe: 2, 3, 5, 7, 11. (Jina linashangaza, maana kila namba isiyo tasa, kuanzia 4, huzaliwa kwa kuzidisha hizo tasa.) Padre Marin Mersenne, mtawa Mfaransa wa Shirika la Waminimi, alichunguza namba zinazopatikana kwa kuzidisha 2 kwa yenyewe kisha kutoa 1. Zidisha 2 tano, unapata 32. Toa 1, inabaki 31, ambayo ni tasa. Mwaka 1644 alitoa orodha ya vipeo vinavyozaa namba tasa, hadi 257. Orodha ilikuwa na kasoro. Kipeo 61 hakimo, ingawa mwaka 1883 padre Mworthodoksi wa Urusi, Ivan Pervushin, alithibitisha kwamba 2⁶¹ − 1, yaani 2,305,843,009,213,693,951, ni tasa. Kipeo 67 kimo, na hakikustahili.

Hicho 67 ndicho kinachotuhusu. Mwaka 1876 Édouard Lucas alionyesha kwamba 2⁶⁷ − 1 si tasa, bila kupata kigawo chake hata kimoja. Njia yake, kwa umbo ililopewa baadaye na Lehmer, tuijaribu kwa 31. Anza na 4. Izidishe kwa yenyewe, toa 2: unapata 14. Rudia: 196 toa 2 ni 194, gawa kwa 31, baki ni 8. Rudia tena: 64 toa 2 ni 62, yaani 31 mara mbili, baki 0. Kipeo kikiwa 5, hatua ni 3. Daima hupungua mbili. Hatua ya mwisho ikiacha 0, namba ni tasa. Ikiacha kingine chochote, si tasa. Hatukutafuta kigawo popote.

Vigawo vyenyewe vilisubiri miaka 27. Mwaka 1903, New York, Frank Nelson Cole aliandika ubaoni 193,707,721 × 761,838,257,287, akazidisha kwa mkono hadi 147,573,952,589,676,412,927. Inasimuliwa kwamba hakutamka neno.

Je, katika miaka hiyo 27, aliyesema "si tasa" alikuwa anabahatisha? Hapana. Alikuwa na uthibitisho kamili, ila hakuwa na vigawo.

Mfano huu una mipaka yake, na kwenye mtihani nisingeuvusha hapo. Tomaso anaanzia kwenye matokeo tunayoyaona duniani. Lucas anaanzia kwenye kanuni za namba. Tena vigawo vya Cole vinaenea ubaoni, lakini umungu wa Mungu hauenei. Kwa hiyo hesabu hii haithibitishi kwamba Mungu yupo. Inaondoa pingamizi moja tu, lile la kusema kwamba asiyekiona kitu hawezi kuwa na hakika nacho.

Na wapo wanaosubiri bado. Namba 2¹²⁷⁷ − 1 ina tarakimu 385. Imethibitishwa kwamba si tasa, na hakuna aliyetangaza kigawo chake hata kimoja.