Jiko la Makaa: Linavyofanya Kazi na Linavyoweza Kuua

Tukitajiwa uvumbuzi, wengi wetu hukimbilia ndege na kompyuta. Mimi nawaomba tuingie jikoni tulitazame jiko la makaa. (Na kabla mwalimu hajatoa kalamu nyekundu: wingi wake ni meko.)

Baada ya mafiga matatu, wengi walitumia jiko la bati tupu. Ubaya wake ni kwamba bati hupitisha joto upesi, hivyo makaa yakawa yanapasha miguu ya mpishi badala ya sufuria. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 likatokea hapa Kenya jiko lenye kiuno chembamba, ambalo wazo lake lilitokana na jiko la ndoo la Thailand. Mafundi wa jua kali, wakiwemo wale wa Shauri Moyo, Nairobi, wakalifua kwa wingi. Ndani lina chungu cha udongo uliochomwa, kilichoshikizwa kwa saruji iliyochanganywa na vemikulaiti, madini mepesi yanayozuia joto kutoroka. Matundu ya chungu hupitisha hewa juu na jivu chini, na kimlango hupunguza au kuongeza hewa. Likiundwa vyema huokoa makaa kiasi cha asilimia 30 hadi 50. Mama alipolinunua alikuwa akilipapasa ubavuni na kucheka, ati halichomi!

Lakini kuokoa makaa si kuondoa sumu. Usiku mmoja wa Julai, baridi kali, mimi na dada yangu tuliingiza jiko chumbani tukafunga dirisha. Makaa yalikuwa mekundu, moshi hakuna, basi tukaona mambo shwari. Niliamka kichwa kinagonga kama ngoma, magoti hayanibebi. Nilitambaa hadi mlangoni. Nikamwita dada, wapi! Mama ndiye aliyemburuta nje, na ilichukua muda mrefu kabla hajafumbua macho.

Kumbe makaa yakiungua pasipo hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Ikivutwa huingia damuni na kushikamana na himoglobini, ile inayobeba oksijeni, kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Mwili unakosa oksijeni ilhali mtu anapumua! Aliyelala huzidi kulala tu.

Asubuhi jirani mmoja alituuliza kwa nini hatukuweka beseni la maji kando ya jiko. Nimesikia wengi wakisema hivyo, hata humu bwenini. Wenzangu, gesi hii huyeyuka majini kidogo mno. Beseni halisaidii kitu. Kinachohitajika ni hewa ipite, na mkilala, jiko liwe nje.

Letu sasa hulala uani, limefunikwa karai mvua isilipige.