Kununua na Kutumia Kamera ya Dijitali: Usinunue Namba, Nunua Picha

Kwa mlaji wa kawaida, kamera ni bidhaa inayonunuliwa mara moja kwa miaka mingi. Wapo wanaoinunua kwa ajili ya familia, na wapo wanaoinunua kwa fedha za mkopo wa kikundi ili wapate riziki kwa kupiga picha za harusi, ubatizo na mahafali. Anayekosea kuchagua hupata hasara mbili: hupoteza fedha aliyolipa, na hupoteza tukio ambalo halitarudi. Fedha huweza kutafutwa tena, lakini harusi haifungwi mara ya pili kwa sababu kamera ilishindwa. Katika somo hili tunaeleza mambo ambayo mlaji anapaswa kuyapima kabla ya kulipa, na namna ya kuzilinda picha zake baada ya kununua.

1. Anza na kazi

Kabla ya kwenda dukani, jiulize picha zako zitapigwa wapi na zitatumika vipi. Anayetaka kuonyesha vitenge anavyouza kwa wateja wa mtandaoni, mchana na penye mwanga wa kutosha, huenda simu aliyonayo inamtosha; hana haja ya kutumia fedha nyingine. Anayepiga picha ukumbini usiku, au uwanjani akiwa mbali na wachezaji, anahitaji kamera yenye uwezo ambao simu nyingi hazina. Muuzaji hawezi kukuamulia jambo hili, kwa kuwa yeye anauza alichonacho.

2. Wingi wa pikseli si ubora wa picha

Pikseli ni nukta ndogo zinazounda picha. Namba yake huandikwa kwa herufi kubwa kwenye kasha, na wengi huichukua kuwa kipimo cha ubora. Sivyo. Picha ya kawaida ya albamu, yenye sentimita 10 kwa 15, huchapishwa vizuri kwa pikseli zipatazo milioni 2. Picha ya ukubwa wa karatasi ya A4 huhitaji zipatazo milioni 9. Karibu kila kamera iliyopo sokoni leo inavuka kiwango hicho.

Jambo lenye uzito zaidi ni ukubwa wa kihisi, yaani kile kipande kilichomo ndani ya kamera kinachopokea mwanga. Kihisi cha kamera ndogo nyingi za mfukoni kina upana wa milimita 6 na kimo cha kati ya milimita 4 na 5. Kihisi kikubwa cha kamera za kitaalamu kina milimita 36 kwa 24, yaani eneo linalokaribia mara 30 ya kile kidogo. Beseni na kikombe vikiachwa nje mvua inaponyesha, beseni hukinga maji mengi zaidi. Vivyo hivyo, kihisi kikubwa hukinga mwanga mwingi, na picha ya usiku hutoka safi bila chengachenga.

3. Soma maandishi ya lenzi

Lenzi huandikwa namba inayoonyesha upana wa tundu lake. Namba ndogo ina maana ya tundu pana: lenzi yenye 1.8 huingiza mwanga karibu mara 10 ya ule unaoingizwa na lenzi yenye 5.6. Kwa mpiga picha wa ukumbini, tofauti hiyo ina faida kubwa kuliko pikseli milioni 10 za ziada.

Tahadhari pia na maneno yanayohusu kukuza picha. Ukuzaji wa lenzi huvuta kwa kweli kitu kilicho mbali. Ukuzaji wa dijitali hukata tu sehemu ya picha na kuitanua, kazi ambayo unaweza kuifanya mwenyewe nyumbani kwa kompyuta. Usilipie namba ya ukuzaji wa dijitali.

4. Ijaribu kabla ya kulipa

Dukani huwa na taa nyingi, na hapo kila kamera hupendeza. Omba uijaribu kwenye kona yenye giza. Piga picha ya mtu anayetembea, kisha ikuze kwenye kioo cha kamera uone kama macho yake yanaonekana vizuri. Hakikisha kasha lina chaja na betri halisi, na kwamba namba ya utambulisho iliyo kwenye kasha inalingana na ile iliyo kwenye kamera.

Kwa kamera iliyotumika, ongeza hatua mbili. Kwanza, mulika tochi ndani ya lenzi. Ukiona nyuzi mfano wa utando wa buibui, hiyo ni kuvu. Katika miji ya pwani yenye unyevu mwingi tatizo hili ni la kawaida, na kulisafisha ni gharama. Pili, uliza kamera imepiga picha ngapi. Shata, yaani pazia linalofunguka na kufunga kila picha inapopigwa, huchakaa. Kamera nyingi za kiwango cha kati hukadiriwa na watengenezaji kuhimili mapigo kati ya 100,000 na 200,000.

5. Jihadhari na kadi bandia

Kadi bandia ya kumbukumbu hutengenezwa ijitambulishe kwa ukubwa usio wake. Imeandikwa GB 128, ilhali uwezo wake halisi ni GB 8. Kamera hudanganyika na huendelea kupokea picha, lakini zile zinazozidi uwezo huo hupotea. Kwa hiyo, kabla ya kuipeleka kwenye shughuli, ijaze kadi mpya yote kwa mafaili kutoka kwenye kompyuta, kisha uyarudishe na kuyafungua. Yakifunguka yote, kadi ni salama.

Ukifuta picha kwa bahati mbaya, acha mara moja kuitumia kadi hiyo. Picha iliyofutwa mara nyingi huwa bado imo ndani mpaka nyingine iandikwe juu yake, na fundi anaweza kuirejesha. Picha za thamani ziwe na nakala tatu, na moja kati ya hizo ihifadhiwe mahali pengine mbali na nyumbani au studio, ili mwizi au moto usichukue zote.

6. Haki yako

Dai risiti ya mashine ya EFD na dhamana iliyoandikwa muda wake pamoja na jina la anayeitoa. Uliza dhamana hiyo inatekelezwa nchini au kamera italazimika kupelekwa nje. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kutoa maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu bidhaa. Bango la “bidhaa ikishauzwa hairudishwi” halihalalishi udanganyifu. Rudi kwanza kwa muuzaji ukiwa na risiti na kasha. Asipokusikiliza, wasilisha malalamiko yako kwenye Tume ya Ushindani.

Maswali ya kujiuliza kabla ya kulipa

Je, kazi yangu inahitaji kamera, au simu inatosha? Je, nimeijaribu penye mwanga hafifu? Je, bajeti yangu imebakiza fedha ya kadi halisi na betri ya akiba? Je, nina risiti na dhamana mkononi? Ikiwa jibu la swali lolote kati ya haya halijakuridhisha, usilipe siku hiyo. Kamera itaendelea kuwapo sokoni kesho.