Kokeini na mimba: Hatari kwa mama na mtoto

Mama mjamzito anayetumia kokeini humpa mtoto aliye tumboni dawa hiyo hiyo. Kokeini hupita katika kondo la nyuma na kuingia kwenye damu ya mtoto, ambaye ini lake changa haliwezi kuiondoa upesi.

Wako wanaodhani hili ni tatizo la Marekani na Ulaya pekee. Lakini Desemba 2004, polisi wa Kenya walinasa zaidi ya tani moja ya kokeini huko Malindi na Nairobi. Kwa hivyo yafaa kila familia ijue hatari zake.

Madhara kwa mama

Kokeini hubana mishipa ya damu, hupandisha shinikizo la damu na kuuendesha moyo mbio. Mama aweza kupatwa na kiharusi au mshtuko wa moyo, hata akiwa kijana.

Hatari nyingine kubwa ni kondo la nyuma kubanduka kabla ya mtoto kuzaliwa. Dalili zake ni maumivu makali ya tumbo au mgongo, tumbo kuwa gumu na kutokwa na damu. Wakati mwingine damu hubaki ndani isionekane. Mama mwenye dalili hizi akimbizwe hospitalini mara moja.

Madhara kwa mtoto

Mishipa ikibanwa, mtoto hupungukiwa na chakula na oksijeni. Mimba yaweza kuharibika, au mtoto azaliwe amekufa. Wengine huzaliwa kabla ya wiki 37, wakiwa na uzito wa chini ya kilo 2.5 na kichwa kidogo. Baada ya kuzaliwa, mtoto huenda akatetemeka, akalia sana na kukosa usingizi. Kokeini pia huingia katika maziwa ya mama, kwa hivyo anayeitumia asinyonyeshe kabla ya kushauriana na daktari.

Je, mtoto huyo ameharibika maisha?

La. Katika miaka ya 1980, magazeti ya Marekani yalitabiri kwamba watoto hawa wangekuwa kizazi kilichopotea. Huko Philadelphia, Dkt Hallam Hurt na wenzake waliwafuatilia watoto wa aina hiyo tangu 1989 hadi wakawa watu wazima. Akili zao hazikutofautiana sana na za wenzao wa mitaa hiyo hiyo ya kimaskini ambao mama zao hawakutumia kokeini. Umaskini ndio uliowaumiza wote. Utafiti mwingine umeonyesha matatizo madogo ya utulivu na tabia, ambayo malezi mema husaidia kuyapunguza.

Mama afanye nini?

Aache kokeini, hata kama mimba ni kubwa. Kila wiki bila kokeini humpa mtoto nafasi zaidi ya kukua.

Amwambie muuguzi au daktari ukweli. Bila kuambiwa, daktari aweza kudhani shinikizo hilo linatokana na mimba yenyewe, na baadhi ya dawa za shinikizo hazifai kwa aliyetumia kokeini.

Anayetumia heroini pia asiiache ghafla. Kwanza amwone daktari, kwani kuna tiba ya methadoni.

Nanyi waume, mama wakwe na majirani, msimtukane wala kumfukuza. Mama anayeogopa aibu hukwepa kliniki, na mtoto hukosa msaada ambao ungemwokoa.