Mafunzo Niliyopata Katika Kwaresima: Mjaribu Huja na Biblia Mkononi

Kwa miaka kadhaa nimekuwa katibu wa jumuiya yetu ndogo ndogo, kazi ambayo kwa sehemu kubwa ni kushika daftari na kusikiliza. Haya nimejifunza humo zaidi kuliko vitabuni, ingawa vitabu vimenisaidia kuyapa majina.

1. Ibilisi anayajua Maandiko.

Kila Dominika ya kwanza ya Kwaresima tunasomewa habari za Yesu jangwani. Marko ametumia aya mbili tu. Vishawishi vitatu tunavipata kwa Mathayo na Luka. Wahubiri wengi hukazia kwamba Yesu alijibu kwa Maandiko, na kweli majibu yote matatu yametoka Kumbukumbu la Torati. Lisilosemwa sana ni kwamba mjaribu naye alinukuu: pale juu ya kinara cha hekalu alileta Zaburi ya 91. Na kabla ya hapo alikuwa amependekeza mkate, kwa mtu mwenye njaa. Nani atauita mkate dhambi?

Nililielewa hili tulipokuwa tukipanga mchango wa Kwaresima kwa ajili ya wagonjwa wa mtaa. Mmoja wetu alitaka majina yasomwe pamoja na kiasi, ili wazembe wachangamke. Akafungua Mathayo sura ya 5, pale pa taa isiyowekwa chini ya pishi. Mwingine akamfungulia sura ya 6, sadaka ya siri, Injili ileile ya Jumatano ya Majivu. Kikao kikageuka mashindano ya aya. Aliyetuokoa ni bibi mmoja asiyejua kusoma: "Na yule asiye na kitu, wanangu, jina lake mtalisomaje?" Tukarudi kwenye bahasha zisizo na jina. (Fedha zilipungua kidogo mwaka ule. Sijabadili mawazo.) Tangu hapo, hata wazo likija na aya ya kuliunga mkono, mimi huuliza kwanza nani ataumia likitekelezwa.

2. Sadaka ya kujichagulia huwa tamu.

Sheria ya Kanisa ni nyepesi kuliko wengi wanavyodhani. Kufunga kunadaiwa siku mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa wenye umri wa miaka 18 hadi 59. Kuacha nyama siku ya Ijumaa kunaanzia miaka 14. Mengine tumeachiwa wenyewe, na hapo ndipo penye kazi.

Marehemu baba aliacha sigara kila Kwaresima. Hakuvuta hata moja hadi Pasaka, na nyumba nzima ilifunga pamoja naye: watoto tulinyata, mama alipima kila neno. Mwaka mmoja mama alichoka, akamwambia mbele yetu, "Baba watoto, Mungu amekuomba sigara au amekuomba ulimi?" Kwaresima iliyofuata baba aliendelea kuvuta, akaacha kufoka. Mapafu yake hayakunufaika. Sisi tulinufaika sana.

3. Hatari iko katikati.

Jumatano ya Majivu watu hujaa hadi nje ya kanisa. Ijumaa ya nne, kwenye Njia ya Msalaba, tunabaki wachache wa kuzunguka vituo 14. Evagrio wa Ponto, mmonaki wa jangwa la Misri aliyefariki mwaka 399, alimtaja pepo wa adhuhuri: jua huonekana limesimama, naye mmonaki huchungulia nje kuona kama saa ya kula imekaribia. Yohane Kasiano, aliyeyapeleka mafundisho hayo katika nchi ambayo leo ni Ufaransa, anaongeza jambo lililonichekesha: pepo huyo humkumbusha mmonaki wagonjwa wa mbali wanaohitaji kutembelewa. Katibu wa jumuiya hupokea sababu za namna hiyo kila Ijumaa. Nyingi ni za kweli, ndiyo maana ni vigumu kuzibishia.

4. Tazama wazo linaacha nini likiondoka.

Inyasi wa Loyola alikuwa askari, akavunjwa mguu na mzinga huko Pamplona mwaka 1521. Akiwa kitandani aliona kwamba ndoto za ushujaa zilimfurahisha kisha zikamwacha mkavu, na ndoto za kuwaiga watakatifu zilimwacha na amani. Juu ya hilo alijenga Mazoezi ya Kiroho, yaliyoidhinishwa na Papa Paulo III mwaka 1548. Uchunguzi wa dhamiri anaoufundisha huanza na shukrani. Dhambi hufuata baadaye. Mimi huufanya kwenye daladala, kwa kuwa foleni ya jioni haina haraka.

Kwaresima moja nilijiwa na wazo la kuacha kazi nikatumike misheni. Lilikuwa zuri mno. Usiku lilininyima usingizi, asubuhi liliniacha na wasiwasi na kiburi kidogo. Chini yake palikuwa na wazo jingine lisilo na shangwe yoyote: nenda kwa kaka yako Temeke. Hatukuwa tukisalimiana tangu mazishi ya baba. Wazo hilo lilikuja, likaondoka, likarudi, na kila liliporudi lilikuwa lilelile, bila mapambo.

Nilikwenda Jumamosi, baada ya jumuiya. Ugomvi hatukuugusa. Shemeji alileta chai, tukazungumzia nyumba ya mama kijijini, ambayo mabati yake yanavuja. Mpaka leo hatujaafikiana nani anunue mapya.